Nasaba Kama Mali ya Umma: Historia ya Kulinda Kumbukumbu za Ukoo Zilizotolewa Bure, 1976–2020

Utangulizi

Nasaba ni miongoni mwa tanzu kongwe za fasihi, simulizi na andishi. Kabla ya kuwa ushahidi wa mirathi au wa cheo, nasaba ni matini: ina mpangilio wake, ina takriri yake, ina mahali pa kuanzia palipochaguliwa na mahali pa kuishia palipokubaliwa, na mara nyingi huficha mengi sawa na yale inayoyafichua. Wahakiki wa Afrika Mashariki wanalielewa jambo hili kutokana na tarihi za pwani. Historia ya Pate, inayowataja watawala wa Kinabahani mmoja baada ya mwingine, ilisimuliwa na Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini. Hata hivyo, wasomi huyatambua matoleo yake kwa majina ya wale walioyapokea au kuyachapisha: toleo la Stigand la mwaka wa 1913, toleo la Werner lililofuata, toleo la Hollis. Msimulizi alitoa, na jina la mpokeaji likawa ndilo jina la matini.

Makala haya yanalichunguza swali hilo hilo katika mazingira mengine, yaani Marekani na Uingereza, ambako tangu miaka ya 1980 watu wengi wa kawaida wamenukuu kumbukumbu za vizazi, ndoa, vifo na makaburi, kisha wakaziweka katika mtandao wa kompyuta ili kila mtu azisome bila malipo. Swali lenyewe ni hili: mtu anapoitoa nasaba bure kwa manufaa ya wote, ni kitu gani kinachomzuia mwingine kuigeuza bidhaa? Jibu linalotokana na historia ni kwamba sheria ya hakimiliki haikuwa ngao ya kutosha. Kumbukumbu zilizosalimika zaidi ni zile zilizofungamanishwa na masharti yaliyoandikwa mapema na kuwekwa katika mikono mingi. Pale ambapo masharti hayo hayakuwepo, kuaminiana peke yake hakukufua dafu.

Riwaya, Nasaba na Mahakama

Historia hii ina chimbuko katika fasihi. Mwaka wa 1976 Alex Haley alichapisha Roots, kitabu kilichodai kuufuatilia ukoo wa mwandishi kutoka Marekani hadi kwa Kunta Kinte wa kijiji cha Juffure nchini Gambia. Mwanzoni mwa mwaka wa 1977 kitabu hicho kilioneshwa katika televisheni kwa mfululizo wa usiku nane, na hamu ya kutafuta asili ikaenea miongoni mwa Wamarekani wa kila rangi. Maktaba na hifadhi za nyaraka zilianza kupokea wageni ambao hawakuwa wanahistoria wala mawakili, bali watu waliotaka kujua bibi zao walizaliwa wapi.

Kitabu hicho hicho kilizaa kesi mbili zinazofaa kuzingatiwa na mhakiki. Margaret Walker Alexander, mwandishi wa riwaya ya Jubilee ya mwaka wa 1966 iliyojengwa juu ya maisha ya mama wa bibi yake, alimshtaki Haley kwa kuiga kazi yake. Mwaka wa 1978 mahakama ya New York iliitupilia mbali kesi hiyo kwa hoja kwamba mambo yaliyofanana yalikuwa matukio ya kihistoria, mila za watu na mandhari ya kawaida ya maisha ya utumwani, ambayo hayawezi kumilikiwa na mwandishi yeyote. Harold Courlander, mwandishi wa The African, naye alimshtaki Haley kuhusu vifungu mahususi vya maneno. Kesi hiyo ilimalizika kwa mapatano, na Courlander akalipwa dola 650,000.

Zikisomwa pamoja, kesi hizi zinachora mpaka ulio wazi. Tukio si mali ya mtu, ilhali usemi wa mtu ni mali yake. Kwa mwandishi wa riwaya mpaka huu haudhuru sana, kwa kuwa utajiri wake umo katika usemi. Kwa mkusanyaji wa nasaba hali ni kinyume kabisa. Kazi yake yote imo katika upande wa matukio: jina, tarehe, mahali, jina la baba, jina la mama. Kadiri anavyokuwa mwaminifu kwa nyaraka ndivyo usemi wake mwenyewe unavyopungua, na ndivyo anavyozidi kukosa kinga ya sheria.

Kuna funzo la pili. Mwaka wa 1981 Gary B. Mills na Elizabeth Shown Mills walichapisha makala yaliyozilinganisha kurasa za Haley kuhusu Virginia na nyaraka za huko, wakaonesha kwamba nyaraka hizo ziliyapinga madai yake mengi. Uhakiki wa aina hiyo uliwezekana kwa sababu nyaraka zilikuwa zinafikika. Hivyo basi, kuziweka kumbukumbu mahali ambapo yeyote anaweza kuzisoma si suala la huruma kwa wasio na pesa tu. Ni sharti la kuwezesha nasaba kusahihishwa. Nasaba iliyofungiwa nyuma ya malipo husomwa na wachache, na kosa lililomo ndani yake huishi muda mrefu zaidi.

Kazi ya Mikono Mingi

Umuhimu wa kazi hii unaonekana kwa uwazi zaidi katika historia ya Wamarekani Weusi. Katika sensa za mwaka wa 1850 na 1860, watumwa waliorodheshwa katika majedwali ya pekee chini ya majina ya mabwana zao; wao wenyewe, isipokuwa kwa nadra sana, walitajwa kwa umri, jinsia na rangi tu. Sensa ya mwaka wa 1870 ndiyo ya kwanza ya nchi nzima kuwataja waliokombolewa kwa majina. Mtafiti anayetaka kuuvuka mpaka huo wa 1870 hana budi kupekua wosia, hati za mauzo, daftari za makanisa na hesabu za mashamba zilizotapakaa katika mahakama za kaunti mbalimbali. Hakuna mtu mmoja awezaye kuzisoma zote. Ndiyo maana miradi kama AfriGeneas, iliyoanza katika miaka ya 1990, ilitegemea watafiti wengi kupeana kile ambacho kila mmoja alikipata. Jina moja lililonukuliwa na mgeni lingeweza kuwa ndicho kiungo kilichokosekana katika ukoo mzima wa mtu mwingine.

Desturi hiyo ya kupeana ilikuwa imeanza mapema kidogo. Mwaka wa 1987 ilianzishwa ROOTS-L, orodha ya barua pepe iliyowaunganisha watafiti wa nasaba kupitia kompyuta za vyuo vikuu. Mwaka wa 1996 ilizuka RootsWeb, huduma iliyozihifadhi orodha za aina hiyo pamoja na kurasa za watu binafsi, na kuendeshwa kwa michango ya watumiaji wake. Mwaka huo huo, katika jimbo la Kentucky, ulianza mradi wa kuipa kila kaunti kati ya kaunti 120 za jimbo hilo ukurasa wake na mtu wa kujitolea wa kuutunza. Mpango huo ulienea haraka katika majimbo mengine na kuitwa USGenWeb. Kanuni yake ya msingi ilikuwa moja: msomaji asitozwe chochote.

Inafaa kuitazama kazi yenyewe kwa jicho la kihakiki. Mnukuzi huketi mbele ya filamu ndogo ya daftari la karne ya 18 au ya 19. Mwandiko umefifia, majina yamefupishwa, herufi ndefu ya S inafanana na F, na karani aliandika jina la mgeni kama alivyolisikia. Katika kila mstari mnukuzi hufanya uamuzi. Huchagua kati ya usomaji mmoja na mwingine, hutia alama ya shaka, na pengine hulinganisha na jiwe la kaburi. Kwa mhakiki wa miswada, huko ni kusoma kwa kiwango cha juu. Ni kazi ile ile inayofanywa na mhariri wa utenzi ulioandikwa kwa hati za Kiarabu. Kwa sheria, hata hivyo, ni kunakili matukio.

Jasho Mbele ya Sheria

Msimamo huo wa sheria uliwekwa wazi nchini Marekani mwaka wa 1991 na kesi isiyohusu nasaba hata kidogo. Kampuni ya simu ya Rural, iliyohudumia sehemu ya Kansas, ilitoa kitabu cha majina na nambari za wateja wake. Kampuni ya Feist, iliyotaka kuchapisha kitabu cha eneo kubwa zaidi, iliyachukua majina hayo bila idhini. Ushahidi haukuwa na utata: kati ya orodha zilizonakiliwa, 1,309 zilifanana kabisa na za Rural, na miongoni mwao zilikuwamo nne za uongo ambazo Rural ilikuwa imezitega makusudi ili kuwanasa wanaonakili. Hata hivyo, Mahakama Kuu ya Marekani iliipa Feist ushindi. Kwa mujibu wa uamuzi ulioandikwa na Jaji Sandra Day O'Connor, hakimiliki hulinda ubunifu, wala si jasho la kukusanya. Orodha ya majina iliyopangwa kialfabeti haina ubunifu wa kutosha.

Athari za uamuzi huo kwa wanasaba zilikuwa kubwa. Mtu aliyetumia miaka kumi akinakili mawe ya makaburi ya kaunti nzima hakuwa na haki juu ya majina na tarehe alizozikusanya. Alichoweza kudai ni maelezo aliyoyatunga mwenyewe, picha alizozipiga, na pengine uteuzi na mpangilio wake endapo ulikuwa na ubunifu. Aliyeyachukua majina na tarehe peke yake hakuvunja hakimiliki.

Ulaya ilifuata njia nyingine. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka wa 1996 lilianzisha haki ya pekee juu ya hifadhidata, ya muda wa miaka 15, kwa yule aliyewekeza kwa kiasi kikubwa katika kuipata, kuithibitisha au kuiwasilisha data. Kwa mtazamo wa haraka haki hii inaonekana kumtetea mkusanyaji aliyeachwa na sheria ya Marekani. Ikichunguzwa kwa makini, haki hiyo imefungamanishwa na uwekezaji, na kampuni yenye fedha huweza kuuthibitisha uwekezaji wake kwa wepesi zaidi kuliko kundi la watu waliotawanyika na kufanya kazi usiku majumbani mwao.

Ni haki kuongeza kwamba uamuzi wa Feist ulikuwa na makali pande mbili. Iwapo mnukuzi hawezi kuyamiliki majina, kampuni nayo haiwezi. Yeyote anaweza kurudi kwenye daftari la asili na kulinukuu upya. Lakini uhuru huo una maana tu ikiwa daftari la asili bado linafikika na ikiwa nakala ya bure bado ipo. Kwa hiyo uwanja wa mapambano ulihama kutoka kwa swali la nani anamiliki jina, ukaenda kwa swali la nani anaitunza nakala.

Mauzo na Malalamiko

Mnamo Juni 2000 RootsWeb ilinunuliwa na MyFamily.com, kampuni iliyomiliki pia huduma ya kulipiwa ya Ancestry. Haitakuwa insafu kuueleza ununuzi huo kama wizi. Wakati huo RootsWeb ilikuwa imekua kupita uwezo wa michango, na kompyuta zinazohudumia mamilioni ya kurasa hazijiendeshi zenyewe. Mnunuzi aliahidi kwamba kurasa zitaendelea kusomwa bure, na ziliendelea. Kilichobadilika ni uhusiano. Watu waliokuwa wametoa kazi yao kwa jamaa ya watafiti walijikuta ni wageni katika nyumba ya mfanyabiashara, bila mkataba uliowaeleza haki zao.

Maana ya badiliko hilo ilidhihirika mnamo Agosti 2007. Kampuni hiyo, ambayo kufikia hapo iliitwa The Generations Network, ilitangaza mkusanyiko mpya uliokuwa na nakala za kurasa za wasifu na nasaba zilizochukuliwa kutoka tovuti mbalimbali za watu. Mwanzoni mkusanyiko huo uliwekwa miongoni mwa huduma za kulipiwa. Waandishi wa kurasa hizo walipaza sauti. Hoja yao haikuwa kuhusu majina na tarehe, ambayo Feist ilikuwa imeyaweka huru, bali kuhusu kurasa nzima pamoja na nathari, picha na mpangilio wao. Katika muda wa siku chache kampuni iliufanya mkusanyiko huo kuwa wa bure, kisha ikauondoa kabisa.

Tukio hilo linadhihirisha mambo mawili. Kwanza, malalamiko ya umma yalifanya kazi kwa kasi ambayo kesi isingeifikia. Hakuna hakimu aliyehitajika. Pili, yalifaulu kwa sababu waliolalamika walikuwa bado na kurasa zao wenyewe na waliweza kuonesha kipi kilikuwa chao. Mnukuzi ambaye orodha yake ilikuwa imebaki katika seva ya mwingine peke yake hakuwa na msingi kama huo wa kusimamia.

Mwaka uliofuata, 2008, kampuni iliiweka RootsWeb chini ya anwani ya Ancestry. Kurasa bado zilisomwa bure, lakini kila ukurasa wa kujitolea sasa ulibeba jina la mfanyabiashara katika anwani yake. Baadhi ya watunzaji wa kurasa za USGenWeb walihama na kurasa zao. Wengine walibaki, kwa kuwa kuhama kulihitaji fedha, ujuzi na muda ambao hawakuwa nao.

Miaka iliyofuata ilionesha hatari nyingine isiyotokana na uchoyo bali na kupuuzwa. Mnamo Desemba 2017 ilitangazwa kwamba taarifa za siri za akaunti zipatazo 300,000 za RootsWeb zilikuwa zimevuja, na huduma ikafungwa kwa muda. Mnamo Machi 2020 orodha za barua pepe, ambazo asili yake ilikuwa ROOTS-L ya mwaka wa 1987, zilikoma kupokea barua mpya. Mwaka huo huo wa 2020, kampuni ya uwekezaji ya Blackstone iliinunua Ancestry kwa dola bilioni 4.7. Kitu cha bure kilichomo ndani ya biashara hakihitaji kuibwa ili kipotee. Hutosha kisiwe na faida.

Njia Mbili za Kutunza

Kulinganisha miradi miwili kunaweza kulifafanua suala hili. Mwaka wa 1995 Jim Tipton alianzisha Find a Grave, tovuti ya makaburi ya watu mashuhuri. Baadaye ilipokea makaburi ya watu wa kawaida, na maelfu ya watu wa kujitolea wakaijaza kwa picha na wasifu. Mwaka wa 2013 iliuzwa kwa Ancestry. Tovuti hiyo imeendelea kusomwa bila malipo, na aliyepiga picha amebaki na hakimiliki ya picha yake. Lakini umbo zima la mkusanyiko, ambalo ndilo lenye thamani, lilikuwa la mwenye tovuti, naye alikuwa na uhuru wa kuliuza.

Nchini Uingereza, mradi wa FreeBMD ulianza mwaka wa 1998 kwa lengo la kunukuu faharasa za vizazi, ndoa na vifo vya England na Wales tangu usajili wa kiserikali ulipoanza mwaka wa 1837. Idadi ya kumbukumbu zake imepita milioni 200. Tofauti yake na miradi iliyotajwa haiko katika ari ya wanukuzi wala katika ukubwa, bali katika muundo. FreeBMD ilisajiliwa kama shirika la hisani, na shirika la aina hiyo hubanwa na lengo lake la umma. Halina mwenye hisa awezaye kuliuza kwa faida yake. Zaidi ya hayo, mradi huu haukuukimbia ulimwengu wa biashara. Faharasa yake iliwekwa pia katika tovuti ya Ancestry, FreeBMD ikitajwa kuwa chanzo chake. Mfanyabiashara alipata nakala, lakini asili ilibaki bure, na chanzo kilitajwa.

Hapa ndipo wazo la kawaida kuhusu ulinzi linapohitaji kurekebishwa. Wengi hudhani kwamba kulinda ni kufungia. Historia hii inaonesha kwamba nasaba ya bure haikulindwa kwa kuwazuia wengine kuinakili. Sheria isingekubali, na kufanya hivyo kungeiua maana yake ya kuwa ya bure. Ililindwa pale ambapo nakala ya kulipiwa haikuweza kamwe kuwa nakala ya pekee.

Hitimisho

Masuala haya si ya ughaibuni peke yake. Nchini Kenya, Sheria ya Kulinda Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka wa 2016 imeitambua haki ya jamii juu ya maarifa yake na kuhitaji idhini ya jamii hiyo kabla ya wengine kuyatumia. Hiyo ni hatua ambayo sheria ya hakimiliki, kama ilivyosomwa katika kesi ya Feist, haikuweza kuichukua, kwa sababu yenyewe humtafuta mbunifu mmoja ilhali nasaba ni kazi ya vizazi. Hata hivyo, sheria haimwondolei wajibu mtafiti wa fasihi simulizi anayeketi na mzee akiwa na kinasa sauti, kisha akaondoka na majina ya babu kumi na wanne.

Wajibu huo unaweza kufupishwa katika mambo matatu ambayo historia ya RootsWeb, Find a Grave na FreeBMD inayafundisha. Msimulizi na mnukuzi watajwe ndani ya matini yenyewe, ili toleo lisije likaitwa kwa jina la mpokeaji. Masharti ya utoaji yaandikwe siku ya kutoa, wala si siku ya mauzo. Nakala ziachwe kwa zaidi ya mtunzaji mmoja, mmoja wao akiwa ni jamii iliyotoa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wanukuzi wa Kentucky walikuwa na daftari, nalo lilikuwa daftari zuri. Walichokosa wengi wao ni ukurasa wa kwanza, ule unaosema daftari hili ni la nani na litakuwa la nani baada ya mwandishi wake kuiweka kalamu chini.